Kutu ya Datsun ina dawa, karatasi zake ndizo zinaniumiza kichwa

Ukimwambia msee wa Nairobi kwamba kuna Datsun 1600 SSS ya mwaka wa 1971 iko Masalani, atakuuliza maswali mawili. La kwanza: Masalani ni wapi? La pili: mwenyewe anauza pesa ngapi?

La kwanza halina noma. Masalani ndio mji mkuu wa Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana. Ukitoka Eastleigh unapanda basi hadi Garissa mjini, halafu unatafuta gari lingine la kuteremka na mto kupitia Bura. Kiangazi unakula vumbi. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika gurudumu kama ugali wa moto, na hapo saa ya kufika anaijua Mungu. Watu wa wanyamapori wanapajua huku kwa sababu ya hirola, swara adimu sana duniani ambaye wenyeji wamemtengea hifadhi pale Ishaqbini. Watu wa magari hawana sababu ya kupajua. Huku ni Land Cruiser, Probox, lori na bodaboda.

La pili ndilo limenifanya niandike.

Nianze na gari lenyewe, maana wengi wa rika letu wakisikia Datsun wanawaza pikapu ya kubeba nyanya. Hii yetu ni ya milango minne, ndogo, ya mraba kama kiberiti. Japani waliiita Bluebird, kiwandani ilikuwa 510, hapa kwetu watu wakaizoea kama 1600. SSS ndilo toleo la spoti: injini ya lita 1.6 yenye kabureta mbili badala ya moja, breki za diski mbele, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja linapanda na kushuka kivyake. Magari mengi ya bei hiyo enzi zile yalikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, ukipita kwenye shimo yanarusha mateke kama punda.

Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda East African Safari Rally ndani ya gari kama hili. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hiyo na Datsun 240Z. Mwaka wa 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwa 240Z, baada ya kutoka sare ya alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mehta akaja kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun Violet. Na hiyo haikuwa Safari ya siku hizi ya kuzunguka Naivasha wikendi moja. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, kwenye barabara wanazotumia watu wengine na ng'ombe wao, tena wakati wa Pasaka mvua ikianza. Wajapani walipagawa kiasi kwamba mwaka wa 1969 walitoa filamu nzima kuhusu Bluebird na Safari, nyota wao Yujiro Ishihara akiwa dereva.

Kwa kifupi, matope ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyoitangaza Datsun. Leo ukitaka kuyaona magari hayo yakiwa hai unaenda East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka wa 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza. Au unaenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, iliyokuwepo tangu 1970, ambako majaji wanainama kuangalia hadi chini ya gari kama kuna vumbi. Nimeenda Concours mara moja, nikasimama nyuma ya kamba. Magari ni moto. Lakini sikuona gari hata moja ambalo nilifikiri mwenyewe anaweza kuwa mtu kama mimi, na hilo lilinikaa kichwani.

Sasa gari letu. Abti wangu (abti ni mjomba kwetu Wasomali, na yeye pia ananiita abti, hivyo kwenye simu mtu akitusikia anachanganyikiwa) alilinunua mwaka wa 1989 kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali aliyekuwa anapata uhamisho. Bei ilikuwa pesa kidogo na ng'ombe dume watatu. Walipeana mkono, daktari akamwachia funguo na logibuku, akaenda zake. Hakuna aliyebadilisha jina. Wakati ule, huku, nani angekuuliza?

Kwa miaka minane Datsun ilikuwa gari la kila mtu. Ilibeba maharusi, ilipeleka akina mama kujifungua Garissa, na ikabeba mbuzi wengi kuliko inavyostahili gari la spoti. Halafu ikaja El Niño ya 1997. Tana ilifura, maji yakaingia bomani hadi usawa wa vioo vya milango. Yalipokauka, Datsun ilikuwa imejaa matope hadi kwenye viti. Abti aliisukuma chini ya mwarobaini ikabaki pale. Mimi nilizaliwa nikaikuta hapo. Tulikuwa tunaichezea, mmoja dereva, wengine abiria, na kuku anataga kwenye kiti cha nyuma.

Iliponea chupuchupu. Mwishoni mwa 2021 mnunuzi wa vyuma chakavu alikubaliana na abti kuichukua kwa kilo. Kabla lori lake halijafika, Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya watu kung'oa nyaya za stima na reli. Marufuku iliondolewa Mei, lakini yule jamaa hakuonekana tena. Kwa hiyo, kama kuna mtu aliyeiokoa Datsun hii kabla yangu, ni wezi wa nyaya.

Mimi nilirudi Masalani mwaka wa 2023. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, na blogu yangu ya magari ilikuwa inaniletea wasomaji lakini si chakula. Nikamuuliza abti kama naweza kuligusa gari. Alikaa kimya, akamaliza chai yake ya maziwa ya ngamia, halafu akasema: "Abti, chukua. Lakini usilichinje." Maana yake nisiliuze vipande vipande. Hooyo alikuwa pale, akasema afadhali lingechinjwa, angalau lingetupa nafasi ya kuanika nguo.

Watu wanadhani sehemu kavu kama hii haina kutu. Ni kweli nusu. Paa, boneti na milango juu vilikuwa na kutu ya ngozi tu, ile inayotoka kwa msasa na brashi ya waya. Jua letu limeua rangi, lakini chuma kiko sawa. Shida ilikuwa pale maji yalipokaa. Kutu inataka vitu viwili, maji na hewa, na ikishapata hivyo inaendelea kula taratibu hata wewe ukiwa umelala. Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inavimba kama chapati kabla ya kubanduka. Ukiona uvimbe nje, jua ndani hakuna kitu.

Matope ya 1997 yalikuwa yamejaa ndani ya vile vizingiti virefu chini ya milango, yamekauka kama tofali, na kila mvua yanakunywa maji tena. Mwarobaini nao ukafanya mambo yake. Majani yake madogo yaliingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, yakaziba njia ya maji, yakaoza humo. Kivuli tulichokishukuru miaka yote ndicho kilichotoboa sakafu upande wa dereva.

Ukienda kuangalia gari kuukuu, beba sumaku na bisibisi. Sumaku haishiki mahali palipozibwa kwa puti, kwa hiyo itakuonyesha wapi mtu alificha aibu. Bisibisi unagonga nayo chini ya milango, kwenye kisanduku cha betri, na mahali pa spea ndani ya buti. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au bisibisi inazama. Mwenye gari akikataa usiguse na bisibisi, rudi nyumbani. Kwetu bisibisi ilizama kila mahali chini ya kiuno cha gari. Nilichora kwa chaki vipande vya kukata, na nilipomaliza Datsun ilionekana kama ng'ombe wa bucha.

Fundi wangu wa kuchomelea ni jamaa wa hapa anayetengeneza milango ya chuma na tela za punda. Hakuwa amewahi kushika bodi ya gari dogo. Lakini ana kitu ambacho mafundi wengi wa mjini hawana: anapima kabla ya kukata. Kabla hatujagusa vizingiti tulichomelea vyuma vya pembe kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine, ndani ya gari, kama mtu anayewekewa vijiti mkono uliovunjika. Gari aina hii halina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo uti wa mgongo, na vizingiti ndivyo vinavyoishika. Ukivikata bila kuifunga, gari linainama katikati na milango haitafunga tena maisha.

Halafu kuna suala la moto. Welding ya vijiti, ile ya milango ya duka, inatoboa bati la gari kwa sekunde kwa sababu bati lenyewe halifiki hata milimita moja. Tukatumia gesi, na pleti za geji 20 kwa bodi, 18 kwa sakafu. Unapiga doa moja hapa, unahamia mbali, unapiga jingine kule, unaacha ipoe. Ukikimbiza mstari mmoja kwa pupa, bati linajikunja kama karatasi kwenye moto. Tangi la petroli tulilitoa siku ya kwanza na kuliweka mbali kabisa, nje ya ua. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na hilo si jambo la kujifunza kwa kujaribu.

Sakafu na vizingiti vilituchukua miezi mitano, kwa sababu fundi ana wateja wanaolipa na mimi nilikuwa nalipa nikipata. Novemba 2023 El Niño nyingine ikaja. Barabara zikakatika, mitungi ya gesi ikaisha, hakuna gari la kutoka Garissa. Datsun ilikuwa juu ya mapipa manne na mawe, tumeipandisha wiki mbili kabla. Abti alikuwa anaenda kuangalia maji kila asubuhi, anarudi na kusema yamefika wapi. Hayakufika bomani. Sijawahi kumwona mzee akitabasamu vile kwa sababu ya mapipa.

Vipande vidogo, bawaba, mabano, vichwa vya taa, nilivitoa kutu kwa umeme, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi yale yale ya kupikia maharagwe. Kipande chako unakifunga upande hasi wa betri ya volti 12, na chuma kingine chakavu upande chanya, visigusane. Sisi tulitumia betri ya sola. Maji yanaanza kutoa povu, na baada ya saa kadhaa kutu inalegea, unaisugua kwa brashi ya viatu inatoka nyeusi. Chuma kizuri hakiguswi. Mambo mawili ya kuzingatia: fanya nje, mbali na sigara na jiko, kwa sababu lile povu ni gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na usitumie kijiko cha chuma kisichopata kutu kama kile chuma chakavu, kinaacha sumu kwenye maji. Watoto wa boma walikuja kutazama ndoo kila siku kama ni runinga.

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Tuliondoa plagi, tukamwaga ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia boksi ya otomatiki, tukaiacha. Kila jioni nilikuwa natia spana kwenye nati ya mbele ya krenki na kuisukuma kidogo tu, bila hasira. Siku ya kumi na saba ikasogea, upana wa kidole. Nilipiga kelele mpaka ayeeyo akadhani nyoka.

Silinda mbili zilikuwa na pete za kutu pale pistoni zilipokaa miaka yote, kwa hiyo bloku ilibidi ipelekwe kupanuliwa. Silinda za L16, hivyo ndivyo injini inavyoitwa, zina kipenyo cha milimita 83, na zinaweza kuongezwa kidogo ukipata pistoni kubwa zaidi. Pistoni ndizo kazi. Hapo ndipo bahati ya Datsun inapoonekana: injini za familia hii ziliwekwa kwenye magari mengi, ikiwemo 160J na pikapu za 620. Kwa hiyo huendi dukani kuomba spea za gari la spoti la 1971. Unaenda Kirinyaga Road, kule wazee bado wanaita Grogan, unatafuta mzee mwenye vumbi zaidi, unamuuliza spea za pikapu.

Bloku niliipeleka Nairobi kwa basi, ndani ya gunia, mzigo wa watu wawili. Kwenye kizuizi kimoja tuliambiwa wote tushuke na vitambulisho mkononi, kama kawaida ya njia hii. Askari alitazama changu mbele na nyuma, kisha akaona gunia, akalifungua. Akanyamaza kidogo. "Na hii, kitambulisho chake kiko wapi?" Basi zima likacheka, na mimi pia. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua.

Madalali walianza kupiga simu baada ya mimi kuposti picha za sakafu mpya. Mmoja alikuja hadi Masalani, na hilo peke yake linakuonyesha kuna pesa. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Datsun ya aina hii ikibaki hapa nchini, ni kwa sababu ilikuwa hapa tayari. Hazizaliani. Kule Marekani 510 ni gari lenye mashabiki wake, na bei zake mtandaoni zinatisha. Jamaa alizunguka gari, akagonga gonga, akataja laki tatu na nusu, taslimu. Nilipomwambia logibuku haiko kwa jina letu akasema, "Hiyo niachie mimi."

Hapo nikajua anataka nini. Anataka namba ya chesi, kabureta mbili na jina. Mengine yote tuliyoyachomelea angeyaacha Grogan.

Sitadanganya, usiku huo hatukulala. Laki tatu na nusu Masalani ni pesa. Dada yangu yuko kidato cha tatu. Hooyo alipiga hesabu kwa sauti, karo, paa, mbuzi wa kurudishia waliokufa na ukame, na kila alichotaja kilikuwa kweli. Abti hakusema kitu, gari alishanipa, na kwetu ukishatoa hurudi nyuma. Asubuhi nilimwambia dalali kwamba siwezi kuuza kitu ambacho kisheria si changu. Lilikuwa jibu la heshima, na pia lilikuwa kweli.

Kwa sababu kwa karatasi, Datsun hii ni ya marehemu. Daktari wa mifugo alifariki miaka mingi iliyopita. Gari likiwa kwa jina la marehemu haliwezi kuhamishwa mpaka wasimamizi wa mirathi yake wakubali, kwa cheti cha mahakama. Bila hivyo huwezi kulipeleka kukaguliwa kwa jina lako, huwezi kukata bima, huwezi kulitoa barabarani. Unaweza kuchomelea mpaka ling'ae kama la Concours, na bado ni pambo la boma.

Mimi na karatasi tuna historia. Niliomba kitambulisho nilipofika miaka 18. Wenzangu wa Nairobi walichukua cha kwao kwa wiki chache. Sisi wa kaunti za mpakani tulikuwa na hatua ya ziada, kamati ya kuthibitisha kama wewe ni Mkenya, unaulizwa babu yako alizikwa wapi na nani anamjua baba yako. Nilisubiri karibu miaka miwili. Bila kitambulisho hufungui laini ya simu kwa jina lako, hupati PIN ya KRA, hufungui akaunti ya eCitizen, na uhamisho wa gari siku hizi unapitia huko huko. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba mchujo huo umeondolewa. Mdogo wangu ataomba chake mwaka ujao, tutaona. Ninachosema ni kwamba naijua hali ya kuwa kitu kizima kinachoonekana na kila mtu huku karatasi ikisema bado.

Kumtafuta mjane wa daktari kulinichukua wiki sita za simu, kutoka kwa mstaafu mmoja wa mifugo hadi mwingine. Yuko Murang'a, ana zaidi ya miaka 80. Cheti cha mirathi alikichukua zamani kwa sababu ya shamba, lakini gari halikuorodheshwa. Wakili akasema inawezekana kurudi mahakamani kuomba lirekebishwe, ila familia yote ikubali. Hapo akaingia mwanawe wa kiume, mtu mzima wa makamo, akachukua simu. Alikuwa ameangalia bei mtandaoni. "Kijana, hilo ni gari la baba," akasema. "Una nini cha kuonyesha alimuuzia mjomba wako?"

Na kusema haki, ana haki ya kuuliza. Ningekuwa yeye ningeuliza. Hakuna risiti. Hakuna barua. Mashahidi wa kule kupeana mkono wamebaki abti peke yake.

Nikampa abti simu. Alimsalimia mjane kwa heshima, shikamoo ya kizamani, akampa pole ya mume aliyefariki zamani hizo. Halafu akamkumbusha ng'ombe. Kukawa na kimya upande wa pili, kisha yule mama akaanza kucheka. "Wale watatu," akasema. "Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Tulimpeleka hadi nyumbani kwa lori, akawapiga watoto wote." Mwanawe alikuwa anasikiliza. Alikuwa mmoja wa hao watoto.

Hilo halikumaliza mambo. Mahakama haipokei pembe iliyovunjika. Lakini tangu siku hiyo anazungumza na mimi tofauti. Amekubali kwamba gari liliuzwa, sasa tunajadiliana gharama ya wakili nani alipe na kiasi gani, na ameomba kitu kimoja: kabla ya kutia sahihi aje Masalani alione gari, alikalie. Anasema anakumbuka alikuwa akisimama katikati ya viti vya mbele, mkono mmoja kwenye bega la baba. Nimemwambia mvua ikiisha aje, na abebe nguo za kazi.

Wenzetu wa Japani walishafanya hili kwa njia yao. Mwaka wa 2013 wafanyakazi wa Nissan, kwenye klabu yao ya kufufua magari ya zamani ya kampuni, waliirudisha barabarani ile 240Z iliyoshinda Safari ya 1971. Wana kiwanda nyuma yao. Mimi nina mwarobaini, betri ya sola na fundi wa tela za punda, na sitaki kujilinganisha nao. Ila nimeamua jambo moja kuhusu kazi yangu: paa na boneti sitavipiga rangi mpya. Nimesafisha, nimepaka dawa ya kuzuia kutu na vanishi isiyo na rangi, basi. Chini kila kitu ni kipya na salama, juu limebaki vile jua la Ijara lilivyolichoma. Mafundi wa rangi watanitukana. Wacha watukane.

Injini iliwaka Machi. Ilikohoa moshi wa buluu, ikazima, tukarekebisha kabureta ya nyuma ambayo ilikuwa inafurika, ikawaka tena na kukaa. Sauti yake si kubwa kama unavyodhani, ni kavu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Abti aliingia akakaa upande wa dereva. Hakuendesha. Alikamata usukani tu, akawasha taa, akazima, akatoka.

Kwa sasa linatembea kutoka kwenye mwarobaini hadi langoni na kurudi, gia ya kwanza na rivasi, kwa sababu breki za mbele zinashika na za nyuma bado. Silinda ya breki ya kulia nyuma imekwama na haitaki hata moto. Ya kushoto niliitoa kwenye pikapu ya 620 iliyolala Mwingi, na mwenye pikapu anasema ile nyingine atanipa nikimletea taa ya nyuma. Taa ninayo. Natafuta basi la Jumatatu.